Usifunge Mlango, Sanyu

Sanyu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Kator, mjini Juba. Asubuhi hiyo alikuwa na furaha tele. Alikuwa anashona gomesi, magauni marefu ya sherehe, za kijani kwa harusi ya mwisho wa mwezi, huku akiimba. Jambo moja tu lilimkera: jirani yake, Mzee Cirillo. Mzee huyo hakupitwa na kitu. Kila mara alichungulia dirishani.

"Mama Kizza, leo unashona nini?"

"Nguo, mzee. Kwani cherehani inashona ugali?" Sanyu alijibu, akavuta pazia.

Mara hodi ikapigwa. Walikuwa polisi wawili. Mkubwa wao aliitwa Ater.

"Mama, Bona wa duka la vitambaa soko la Konyo Konyo ameibiwa. Ameambiwa mali yake iko hapa. Tuko na hati ya kupekua."

Sanyu alishtuka. Vitambaa vyake alivinunua kwa jasho lake. Lakini aibu ilimuuma zaidi. Majirani walikuwa wameanza kujaa. Na nani yuko mbele? Mzee Cirillo, bila shaka!

"Ingia haraka, afande, mimi nifunge mlango. Watu wasione."

"Usifunge!"

Alikuwa Harriet, jirani yake, karani wa mahakama.

"Dada Harriet, aibu hii nitaiweka wapi?"

"Aibu itapita. Lakini mlango ukifungwa, nani atamwambia hakimu ni nini kilitoka humu?"

Harriet akaomba hati, akaisoma polepole. Jina la Sanyu lilikuwepo. Nyumba ilitajwa, na sahihi ya hakimu ilikuwepo.

"Hati iko sawa. Usiwazuie, usibishane nao. Lakini watu wawili wakae hapa, waone kila kitu. Kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye orodha, kisha hao wawili watie sahihi. Na wewe usitie sahihi kwenye karatasi tupu hata siku moja."

"Kweli kabisa, mama," Ater alisema. "Hiyo orodha inanilinda hata mimi. Shahidi mmoja ni wewe. Mwingine nani?"

"Mimi!" Mzee Cirillo alikuwa ameshaingia.

Sanyu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee alichungulia kabatini, akainama hadi chini ya kitanda.

"Afande, andika. Kitambaa ya kijani, maua nyeupe, iko tatu. Kalas, ingine hakuna!"

Ater akaandika, akavitia vitambaa hivyo vitatu kwenye gunia. Mashahidi wakatia sahihi. Harriet akaomba nakala, Sanyu akapewa.

Wiki iliyofuata walisimama mahakamani. Gunia la polisi likafunguliwa. Vitambaa vitatu vya kijani vikatoka. Kisha kikatoka cha nne, cha buluu!

"Hicho cha buluu ndicho changu!" Bona alisema. "Kilitoka kwake."

 Sanyu aliona jela, akaona harusi bila nguo. Akatoa nakala yake. Hakimu akaisoma. Cha buluu hakikuandikwa.

"Mheshimiwa," Mzee Cirillo alisema, "mimi iko pale toka mwanzo mpaka mwisho. Nimechungulia kila kona. Buluu hakuna!"

Watu wakacheka. Ater akakiri kwamba stooni mizigo ya kesi mbili ilichanganyika.

"Kitu ambacho sijui kimetoka wapi hakiwezi kumfunga mtu," hakimu alisema. "Bona, hivi vya kijani ni vyako?"

"Hapana, mheshimiwa. Vya kijani si vyangu."

"Basi mama arudishiwe mali yake. Kesi imekwisha."

Sanyu alipiga vigelegele pale pale, hadi askari wa mlangoni akamnyamazisha.

Gomesi ziliwahi harusi. Mzee Cirillo alicheza kuliko bwana harusi, akiwa na shati jipya lenye maua makubwa. Sanyu alimshonea kwa lile pazia la dirisha lake mwenyewe.

Jumatatu mzee alichungulia tena.

"Mama Kizza, leo unashona nini?"

"Ingia ndani, mzee wangu. Uone vizuri."