Swali la Tatu la Mchungaji

Lifti ya jengo la maduka iligoma saa sita mchana kati ya ghorofa ya nne na ya tano, imejaa watu na mizigo yao. Ndani alikuwemo mshona magauni mmoja, amenyanyua gauni la bibi harusi juu ya vichwa vya watu lisije likakunjamana. Mlango ulipofunguliwa kwa nguvu, fundi wa lifti mwenye ovaroli ya buluu alimshika mkono atoke, akaziona pini zilizojaa kwenye kola yake.

“Pole, Pini. Bwana harusi bado anakusubiri kweli?”

“Gauni la mteja hili. Mimi bado sijaonekana na mchumba.”

“Basi umeshaonekana.”

Jina likamganda, naye akamlipiza kwa kumwita Ghorofa. Simu zikawa haziishi. Ghorofa alipiga kutoka juu ya majengo kuuliza amekula nini, na Pini alicheka hadi mshono ukaenda upande. Lakini tuseme ukweli, wakati huo alipenda utani wake kuliko alivyompenda yeye.

Kisha mama yake Ghorofa akaugua. Kila jioni Pini alipita kumwogesha na kumchana nywele. Siku za mwisho mama alimwomba asimwache mwanawe peke yake, maana hakuwa na ndugu hata mmoja. Pini alikubali, nani angekuwa na moyo wa kukataa? Miezi miwili baada ya mazishi Ghorofa alimposa, naye akasema ndiyo.

Kanisani kwao hakuna njia ya mkato. Wachumba hutangazwa Jumapili tatu na huhudhuria mafundisho. Mchungaji aliwaeleza kwamba ndoa ni agano mbele za Mungu, kwamba upendo huonekana katika kutumikiana, na kwamba ridhaa lazima itoke moyoni bila shinikizo la mtu. Baada ya tangazo la pili aliwapa karatasi za maswali, kila mmoja ajaze peke yake, kisha wabadilishane.

Swali la tatu liliuliza: ulimkubali mwenzako kwa nini? Pini hakutaka kudanganya kanisani. Akaandika, “Mama yake aliniomba. Nilimwonea huruma.” Swali halikuuliza habari za sasa, naye hakuziandika. Na ya sasa yalikuwa mengine kabisa, kwani katika uchumba ule alikuwa amempenda Ghorofa hadi akawa anakosea vipimo vya wateja.

Ghorofa alisoma, akaikunja karatasi mara nne, akamshukuru mchungaji na kutoka. Pini alimkimbilia uani.

“Hayo ni ya mwanzo, mpenzi. Sasa nakupenda.”

“Nitajuaje, Pini? Ulimwogesha mama yangu kwa mikono laini vilevile, na ile ilikuwa huruma.”

“Mchungaji si amesema kutumikiana ndiko kupenda?”

“Amesema pia ridhaa iwe huru. Wewe ulibanwa na mgonjwa.”

Mchungaji naye alimwita Ghorofa, akamweleza kwamba huruma imezaa ndoa nyingi njema. Ghorofa alimsikiliza kwa heshima zote. Jumamosi akampigia Pini simu, sauti imekauka.

“Nimemwomba mchungaji asitutangaze kesho.”

“Hunipendi tena?”

“Nakupenda mno. Ndiyo maana sitaki uamke kila siku ukitimiza ahadi ya marehemu. Nimekufungulia, Pini. Nenda.”

“Na nikisema sitaki kwenda?”

“Nitadhani ni huruma,” akasema, na kukata simu.

Jumapili ya tatu Pini alikwenda kanisani hivyo hivyo, amevaa gauni la kijivu aliloshona kwa ajili ya siku hiyo, kwa sababu hakujua pa kukaa na moyo ule. Ghorofa alikuwa upande wa wanaume, anatazama chini. Mchungaji akawatangaza wachumba wengine, akafunga daftari. Shangazi, aliyemlea Pini tangu utotoni, akamgusa kiwiko.

“Mbona nyinyi hamkusomwa? Umemkosea nini mwenzio?”

“Nilisema ukweli, shangazi. Ila niliusema nusu.”

Kisha akalia pale pale bila kuficha uso, huku kanisa zima likiwapigia makofi wachumba wale wengine.