Buti za Jenerali Harlow

Zama zile Amerika ilipokuwa bado taifa changa, na vita vikipiganwa kwa magobole na panga, alitawala rais aitwaye Thaddeus Harlow. Alianza maisha akivusha watu mtoni, akawa askari, akapanda hadi ujenerali, na mwisho wananchi wakamkabidhi nchi.

Mwaka wa mwisho wa utawala wake, mshona viatu Amos Pruitt alifunga safari ya siku kumi na moja kwenda Ikulu. Nchi ile ilikuwa na desturi nzuri: siku ya Mwaka Mpya yeyote, awe tajiri au kapuku, aliruhusiwa kupanga foleni ampe rais mkono. Amos alikuwa na jozi ya buti kwapani na shukrani ya miaka ishirini kifuani. Akiikosa siku ile, basi tena. Harlow angerudi kwao magharibi, na miguu ya Amos isingemfikisha huko.

Mlangoni askari akamzuia. "Mzee, vifurushi haviingii."

"Nikiziacha hapa nitazikuta?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

Amos hakubishana. Akaenda pembeni, akavua viatu vyake akaviacha hapo, akavaa zile buti, akarudi akichechemea, maana ya kushoto ilikuwa fupi na ilimbana kwelikweli. Alisimama nazo saa mbili nzima.

Alipofika mbele ya rais, badala ya kutoa mkono aliinama akazivua. Mabalozi waliosimama kando ya rais wakatazamana. Fundi wa watu alibaki na soksi zilizotoboka.

"Ni zako, Jenerali. Mimi ndiye majeruhi uliyempandisha farasi wako tulipoikimbia ngome, ukamwongoza siku tatu kwenye theluji, wewe kwa miguu, buti zako zimepasuka. Sasa nina wajukuu saba. Nimekuja kusema asante."

Harlow aliitazama ile ya kushoto, akaipima kwa kiganja. Vidole vitatu vya mguu ule vilikatwa baada ya vita, naye kwa kiburi cha kijeshi alificha. Kila fundi alimshonea jozi yenye urefu sawa, naye Harlow akaumia kimyakimya.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilikuwa juu ya farasi, nikiziona nyayo zako mbele yangu. Wa kushoto ulikuwa unaacha damu. Nikajua vidole vile havitapona."

Rais akaketi sakafuni palepale, machozi yakimlenga, akavua viatu vyake, akavaa zile buti. Kisha akamsogezea Amos vile viatu alivyovua. "Asante, ndugu yangu. Vaa, nje kuna baridi."

Vitabu vimehifadhi vita vya Harlow na sheria zake. Amos alirudi kwao amevaa viatu vya rais, na hakuna aliyemwamini. Hakujali, asante yake ilikuwa imeshafika.