Mihrabu ya Maweni

Vespa ilizimika katikati ya maweni nyuma ya kijiji chao cha Kiwengwa, ikakataa kuwaka. Haroub ndiye aliyetaka njia ya mkato. Mkewe Kazija alimkanya, akaambiwa ana hofu za kike. Basi mkato ukamkata mwenyewe: akiikokota vespa aliteleza, jiwe likamchana muundi mpaka mfupa ukaonekana.

Kazija akamfunga kwa ushungi wake, wakaitupa vespa, wakapotea. Maweni hayana mzaha. Ni mawe yenye meno na vichaka vya miba, wala hakuna maji hata ya ndege. Simu zilikwisha chaji. Mawingu yalifunika mbingu nzima, jua halijulikani liko wapi, na mvua yenyewe hainyeshi. Walizunguka kutwa, wakalala na kiu, na asubuhi wakajikuta wanakanyaga matone ya damu ya Haroub ya jana. Hapo Kazija aliingiwa na hofu ya kweli: mume atamfia mikononi.

Haroub, mwili moto kama chungu, akaketi akamwambia aende peke yake.

"Nende wapi?" Kazija akasema. "Inuka."

Alimkokota mpaka chini ya mwamba, wapate pa kupumzika. Palikuwa na mtu. Mtu gani, mifupa mitupu, na kikoi kilichooza na tasbihi kando yake. Kazija alitoa shahada, akarudi nyuma hatua moja. Ndipo alipoyaona mawe madogo yaliyopangwa kuzunguka nafasi ya msala, upande mmoja yamepindwa kuwa mihrabu, kama wafanyavyo watu wanaosali shamba.

"Kajipangia kibla," akasema.

"Angelijua pande, asingelifia hapa," Haroub akajibu.

Kazija akainama tena. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika vipande viwili, na vijiti vya kuugangia bado vimelala ubavuni mwake. Machozi yakamtoka.

"Huyu kakosa mguu, Haroub. Njia alikuwa nayo."

Kwao Kiwengwa, ukisimama kusali, bahari iko mkono wa kulia. Hata mtoto anajua. Kazija alisimama ndani ya mawe yale, akaelekea mihrabu, akanyoosha mkono wa kulia. Akamwambia marehemu kwamba watarudi kumchukua. Kisha akachana kanga yake, akawa anafunga kipande kwenye kila mti anaoupita, na akigeuka anahakikisha vipande vya nyuma vimenyooka. Haroub alimwegemea, akianguka anainuliwa, akilalamika anatukanwa.

Harufu ya mwani ndiyo iliyowapokea kwanza. Halafu bahari, nyeupe chini ya mawingu, na wanawake wamo majini. Kazija alipiga kigelegele kwa koo lililokauka, wakamsikia, wakaja mbio.

Polisi waliifuata kanga mpaka mwambani. Walitangaza kila pahala. Hakutokea wa kumdai marehemu, wala jina wala kabila lake halikujulikana. Kiwengwa ikasema huyu ni wetu. Kazija alishona sanda kwa mkono wake, na msikiti ukajaa mpaka watu wakasali nje. Haroub, mguu umefungwa bandeji, hakukubali kuliachia jeneza tangu msikitini mpaka makaburini.

Aliporudi, Kazija alimngoja mlangoni.

"Mmemlaza vipi?"

"Ubavu wa kulia, uso kibla," Haroub akasema. "Kichwa kipo upande wa bahari. Kashafika."

Kazija akacheka na kulia kwa pamoja, akaingia ndani kumtilia mumewe maji ya kunywa.