Bolti Iliyoanzwa kwa Spana

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule, Khavere aliteremka hadi gereji ya mama yake, pembezoni mwa Buruburu. Kazi yake ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kumsikiliza binamu yake Frankline, mwanagenzi wa gereji hiyo, akieleza mambo asiyoyajua. Kazi ya pili ndiyo iliyochosha zaidi.

Jumamosi hiyo mama yake, Muhonja, alimkabidhi spana. Gari kuukuu la Mzee Ndirangu lilikuwa limebadilishwa gasketi ya juu ya injini, ile inayozuia oili isivuje, na kilichobaki kilikuwa kurudisha kifuniko. Keshoye mzee angewapeleka wajukuu wake Nyeri kwa gari hilo.

"Funga wewe," Muhonja alisema. "Bolti huanzwa kwa kitu gani?"

"Kwa vidole, Mama."

"Vidole vina macho. Spana haina." Kisha akaenda kununua oili.

Khavere alianza kwa vidole. Frankline akaegemea ukuta.

"Unasuka nywele ama unafunga injini? Mikono hiyo imezoea chapati."

Maneno hayo hayakuwa na uzito wowote, lakini yalitosha. Bolti ya mwisho Khavere aliianza kwa spana. Iliingia upande, ikagoma. Akaisukuma kwa nguvu, nayo ikalegea ghafla, ikawa inazunguka bure. Alipoichomoa, chembe za alumini ziling'aa kwenye hesi zake, ile mikato inayoizunguka bolti kama ngazi. Hesi za tundu, ndani ya injini, zilikuwa zimenyolewa.

"Usilie," Frankline akasema, huku akikata ukanda mwembamba wa kopo la soda. "Izungushie hii. Itashika hadi gari litoke mtaani. Baada ya hapo ni shida ya mwenye gari."

Ilishika kweli. Kwa macho, haikutofautiana na zile nyingine. Khavere aliitazama, akawaza oili ikivuja juu ya bomba la moshi lenye joto kali, wajukuu wakiwa kiti cha nyuma. Akawaza pia kwamba mama akijua, spana itarudi sandukuni. Mawazo hayo mawili hayakulingana uzito, ingawa ilimchukua muda kukubali hivyo.

Muhonja aliporudi, Khavere aliifungua bolti mbele yake. "Mama, nimeharibu hesi. Niliianza kwa spana."

Muhonja aliuchunguza ukanda wa kopo, kisha akamtazama Frankline, ambaye ghafla alikumbuka kwamba hajafagia. Hakufoka. Alitoa kijisanduku cha vifaa vya kutengenezea hesi, ambacho Khavere hakuwahi kuruhusiwa kukigusa.

"Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Mimi nitashika taa."

Khavere aliipaka keekee grisi, ili unga wa alumini unate usianguke ndani, akalipanua tundu polepole. Kisha akashika tapu, chombo cha kuchongea hesi.

"Nusu mzunguko mbele, kisha rudi nyuma kidogo," mama alisema, na mkono ukatii hata ulipotamani kuharakisha. Mwisho akaingiza koili ya waya mgumu, ambayo sasa ilikuwa hesi mpya, imara kuliko ile ya awali. Akaishika bolti kwa vidole. Ilishuka laini, hadi mwisho, kabla spana haijaigusa.

Jioni Mzee Ndirangu aliiacha injini ingurume hadi ipate moto, akapitisha kitambaa cheupe chini ya kifuniko. Kilitoka cheupe.

"Nani amefunga hapa?"

"Binti yangu," Muhonja akajibu. "Ni yeye aliyeharibu hesi, na ni yeye aliyezitengeneza."

"Mmeharibu gari langu, na mnaniambia?"

"Ungependa uambiwe na nani, mzee? Na moshi?"

Mzee alifikiri. "Basi hapa pana mafundi wawili," akasema, akampa Khavere mkono, ingawa wa binti ulikuwa na grisi.

Gari lilipoondoka, Muhonja alimgeukia bintiye. "Kila fundi huharibu hesi. Anayesema hajawahi, usimwachie gari. Ufundi huonekana pale bolti inapozunguka bure na hakuna anayekutazama." Spana hakuidai.

"Na mimi, aunti?" Frankline akauliza.

"Wewe utaanza na mafuta ya taa."