Jibu Kabla ya Saa Tano

Jumanne, saa tisa alasiri.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira na jasho. Wanaume wanne walikizunguka kimeza cha mbao. Watatu walikuwa wezi. Wa nne alivaa tai ya buluu, na kwa kuwa alivaa tai, alijiona si mwizi.

"Nyumba ya mwisho, geti la kijani," alisema Bwana Tai. "Ndani kuna sanduku moja. Nalitaka."

"Dhahabu?" aliuliza Nyundo, mkuu wa genge.

"Treni."

"Treni gani inayoenea sandukuni?"

"Ya mfano. Vipande mia tisa vya plastiki. Unaviunganisha kwa gundi."

Shemeji, dereva wao, ndugu wa mke wa Nyundo, alicheka hadi akakohoa. "Ya watoto?"

"Ya watu wazima wenye nafasi."

Bwana Tai hakucheka. Alikuwa mkuu wa ulinzi wa kampuni iliyotengeneza treni hizo. Hii ilikuwa izinduliwe mwezi ujao, kwa muziki na hotuba. Muuza duka mmoja, kwa uzembe wake, akaipanga rafuni mapema. Mpima ardhi mstaafu akainunua, akapewa risiti ndani ya sanduku, akawaonyesha wapenzi wenzake wa treni picha moja. Siri ikavuja. Kwa ajili ya picha moja ya kichwa cha treni kisichozidi kiganja, wakubwa wenye viti vya ngozi walikosa usingizi wiki mbili.

"Si mumwombe?" aliuliza Fundi.

"Kampuni yetu haiombi."

Fundi alikuwa bingwa wa vitasa, umri miaka hamsini, mkono wa kushoto wenye vidole vinne. Kidole cha mwisho kilibaki katika mlango wa kasha la chuma miaka mingi iliyopita, na hakuna kituo cha polisi ambacho hakikuujua mkono ule. Hakimu wa mwisho alimwambia waziwazi: ukirudi hapa, utazeekea ndani. Jumamosi hii alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Alikwisha kuapa kwamba ameacha. Lakini Nyundo alimwambia kwamba kitasa kile hakuna mwingine awezaye kukifungua bila kukiachia mkwaruzo. Wapo watu wanaoponzwa na njaa. Huyu aliponzwa na sifa.

"Kesho saa nne anakwenda kliniki kupimwa presha," Bwana Tai aliendelea. "Hurudi saa sita. Mlango usivunjwe. Sanduku mlitoe. Alichokwisha kukiunganisha, kisagwe palepale. Na barua yoyote yenye mhuri wetu, niletewe. Yote kabla ya saa tano."

"Kwa nini kabla ya saa tano?"

"Kwa sababu nimesema."

Jumatano, saa nne na dakika thelathini na moja.

Kitasa kilimtii Fundi kwa sekunde arobaini. Waliingia yeye na Nyundo. Shemeji alibaki garini, injini ikinguruma.

Chumba kilikuwa safi kuliko nyumba za watu wengi wanaojiita waungwana. Juu ya meza, kitambaa cheupe. Brashi zimelazwa kwa ukubwa wake, koleo ndogo kando yake, chupa za rangi zikitazama upande mmoja kama askari wa gwaride. Katikati, kichwa cha treni kilichofika nusu, cheusi, chenye magurudumu membamba kama pete. Juu yake iliinama taa yenye kioo cha kukuzia, na ubavuni mwa taa, kijisanduku cheusi kwenye mkono wa chuma.

Tik.

Saa ya ukutani, aliwaza Fundi.

Nyundo alikumbatia sanduku. Fundi aliona karatasi chini ya taa, nakala ya barua, yenye mhuri mwekundu wa kampuni: imepokelewa, na tarehe ya wiki mbili nyuma. Aliinyoosha kwenye mwanga kwa mkono wake wa kushoto, akasoma.

"Nimegundua kwamba bidhaa hii niliuziwa kabla ya siku yake. Picha moja niliyoionyesha, niliionyesha bila kujua. Mkitaka sanduku lirudi, niambieni, nitalileta mwenyewe. Mkitaka ninyamaze hadi siku ya uzinduzi, niambieni, nitanyamaza. Nikikosa jibu hadi Jumatano saa tano asubuhi, nitachukua ukimya wenu kuwa ruhusa ya kuwaonyesha wenzangu."

Tik.

"Umekuja kusoma?" Nyundo alifoka. "Lete hiyo."

Aliinyakua barua, akaitia mfuko wa shati.

"Aliwaandikia," alisema Fundi. "Wiki mbili zilizopita. Nao wametutuma sisi."

"Sasa? Unataka wamtume malaika?"

Ufunguo ulizunguka mlangoni.

Saa nne na dakika arobaini na nne.

Mzee alisimama kizingitini, koti limefungwa vifungo vyote. "Nimesahau kadi ya kliniki," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyetakiwa kujieleza. Kisha akaliona sanduku mikononi mwa Nyundo. "Mmetoka kampuni?"

"Kaa chini, babu."

"Nimeuliza swali."

"Na mimi nimesema kaa!"

"Basi wewe unayelibeba, lilaze. Ukilisimamisha hivyo, vipande vitapotea. Wangeniomba tu. Ningewapelekea kwa basi."

Nyundo hakuwahi kubeba nyundo. Ngumi zilimtosha. Aliinua moja juu ya kichwa cha treni. Fundi akasimama kati ya ngumi na meza.

"Toka, Fundi."

"Sanduku unalo. Barua unayo. Hiki kiache."

"Unalinda mwanasesere?"

"Namheshimu fundi mwenzangu."

Ngumi ilimpata mdomoni. Fundi alianguka juu ya kiti, damu ikamchuruzika kidevuni, lakini mkono wake ulikuwa umekifunika kile kichwa cha treni. Nyundo alitema mate sakafuni.

"Baki na babu yako," alisema, akatoka na sanduku.

Saa nne na dakika hamsini.

Kutoka dirishani Fundi aliona gari lao likisimamishwa mwisho wa mtaa. Magari mawili ya polisi yalikuwa yanalisubiri. Kando yake alisimama Bwana Tai, na waandishi wawili wenye kamera. Nyundo akatolewa. Kabla ya askari kumpekua, Bwana Tai aliichomoa barua kutoka mfuko wa shati la Nyundo na kuitia ndani ya koti lake mwenyewe, haraka, kama mtu aliyezoea. Kisha akanyoosha kidole kuelekea geti la kijani.

Fundi akaelewa. Mpango wote ulikuwa huo. Wezi wakamatwe na sanduku, isemwe walikuwa wakimpelekea mzee, naye atangazwe mpokeaji wa mali ya wizi, kampuni ipigwe picha ikilia. Watu waliosoma, wenye ofisi na wanasheria, walishindwa kuandika mistari miwili ya kumshukuru mteja.

Tik.

"Ile si saa," mzee alisema nyuma yake. "Ni kamera. Hupiga picha ya meza kila dakika, nipate kumbukumbu ya kazi. Saa tano inazituma yenyewe kwa wenzangu. Tupo elfu nne, na waandishi wa habari wamo."

Fundi aliutazama mkono wake.

"Umo pichani," alisema mzee. "Umeshika barua, na mhuri unasomeka. Umenitetea, nami sikufichi. Waya ni ule pale. Ukiuchomoa, haziendi. Na mlango wa nyuma uko wazi."

"Nikiuchomoa, wewe?"

"Mimi nitajieleza."

"Kwa barua ipi?"

Mzee alitazama chini ya taa, mahali barua ilipokuwa.

Saa nne na dakika hamsini na sita.

Nyundo, kwa ubaya wake wote, hakuwahi kumtaja mtu, Shemeji angemfuata, na Bwana Tai asingemtaja bila kujitaja. Bila picha ile, Fundi alikuwa huru. Jumamosi angevaa suti aliyokwisha kuichukua kwa mshonaji. Aliushika waya. Aliushika muda mrefu. Kisha akauachia, akatoa simu, akampigia binti yake.

"Mama, Jumamosi mwambie baba yako mdogo akusindikize."

"Baba! Kwani uko wapi?"

"Kazini."

"Si uliniambia umeacha?"

"Leo ndiyo naacha."

Alisikia pumzi ya mwanawe, kisha kilio. Hakukata simu. Alimsikiliza hadi kijitaa cha kamera kikawaka kijani, picha zikaenda.

Saa tano kamili.

Mlango uligongwa.

"Kafungue," alisema mzee. "Wewe kitasa unakijua."

Bwana Tai aliingia mbele ya polisi, tai imenyooka, waandishi nyuma yake. "Kampuni yetu," alianza kwa sauti ya jukwaani, "ni mwathirika wa..."

Simu ya mwandishi ikalia. Ya mwenzake ikafuata. Kisha ya Bwana Tai mwenyewe, ndani ya koti, palepale ilipokuwa barua. Mwandishi wa kwanza alitazama picha kwenye kioo cha simu yake, akamtazama Bwana Tai, akatazama tena.

"Mheshimiwa," alisema, "mhuri huu ni wenu?"

Bwana Tai alilibana koti kifuani, juu ya barua.

Fundi alikwisha kunyoosha mikono kwa ajili ya pingu. Mwandishi aliinua simu, akailinganisha picha na mkono wa kushoto wa Fundi, kidole kwa kidole, hadi vinne.