Bamba la Mkono Mwingine

Duka la vyuma siku ya Jumamosi halina adabu. Watu wanasukumana, mwenye duka anafoka, msumeno unalia huko nyuma, na kila mteja anajiona ana haraka kuliko mwenzake. Hapo ndipo walipokutana, wote wawili wameshika bati moja la shaba, la mwisho dukani, kila mmoja kwa upande wake.

"Dada, nimelishika mimi kwanza."

"Umelishika kwa macho, kaka. Mimi nimelishika kwa mkono."

Mwanamke alikuwa na ovaroli ya bluu iliyopauka, kitambaa chekundu kichwani na vumbi la chuma kwenye nyusi. Mwanamume alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, kana kwamba amekuja kuposa, si kununua bati.

"La kazi gani?" akauliza yule mwanamke.

"Natengeneza visu vya kukunja. Nataka mabamba ya ndani."

"Yale mawili membamba yanayokaa ndani ya mpini, kisu kikikunjwa kinalala katikati yake?"

"Kumbe unayajua!"

"Mimi nina mashine. Wewe ungeyakata kwa nini, kwa meno?"

Basi bati likaenda kwa mwenye mashine, na mwanamume akalifuata bati. Wengine wanasema hakulifuata bati.

Mtaani kwao yule mwanamke aliitwa Rula, kwa sababu kazi yake ilikuwa imenyooka na maneno yake pia. Mwanamume walimwita Makali, jina la kejeli tu, maana mtu mwenyewe ni mpole, hata nzi anamfukuza kwa kumsihi. Rula akawa anakata mabamba na kuyatoboa, Makali anaunganisha visu. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula vumbi. Na wewe?"

"Nimekukumbuka nikashiba."

"Mwongo mkubwa wewe!" Lakini akicheka hivyo, simu nzima ilijaa kicheko, na Makali alijua ameshinda.

Mapenzi yakanoga mpaka majirani wakaanza kuuliza lini watakula pilau. Kisha alasiri moja Rula akapita chumbani kwa Makali bila kupiga simu. Makali alikuwa nje ananawa mikono. Juu ya meza ya kazi palikuwa na kisu kipya kimekunjwa, mpini wa mti mweusi umeng'arishwa. Rula akakichukua, akakifungua, akachungulia ndani.

Akakisogeza kwenye mwanga.

Mabamba yale hayakuwa yake. Yeye hupitisha tupa mara moja tu kwenye kingo, basi. Haya yalikuwa yameviringwa kingo zote, yamesuguliwa hadi upande wa ndani ambao hakuna mtu atakayeuona. Rula aliduwaa nayo mkononi kama mke aliyenusa manukato mageni kwenye shati la mumewe. Na mwenye kazi hiyo alimjua. Mtaa mzima wa karakana alikuwepo mmoja tu wa kujidai hivyo: yule fundi wa kona ya pili anayeitwa Kucha, mwanamke anayepaka kucha rangi nyekundu hata akiwa kwenye mashine.

Makali akaingia anajifuta mikono. "Ah, mpenzi! Umekuja kimya kimya?"

"Mabamba haya ya nani?"

"Ya kisu hicho."

"Usinichezee. Kayakata nani?"

Makali akajikuna sikio. "Niliona una kazi nyingi. Nikasema nisikuchoshe."

"Nani kakwambia nimechoka? Nimekulalamikia lini?"

"Rula, ni mabamba tu jamani."

"Ni mabamba tu!" Akakiweka kisu mezani taratibu mno. Rula akipiga kelele huna haja ya kuogopa. Akinyamaza, tafuta njia. Akatoka, na mlango hakuubamiza.

Wivu, we uache tu. Ulilala naye, ukaamka naye, ukamsindikiza kazini. Akishika mashine anaona kucha nyekundu. Simu ikiita anaitazama mpaka inyamaze. Dada yake mkubwa alipompigia akamwambia, "Mdogo wangu, mwanamume kupeleka kazi kwa fundi mwingine si kukusaliti."

"Kwetu sisi ndiko kusaliti kwenyewe, dada."

"Basi nenda ukaulize, kuliko kujitafuna."

Akaenda. Alivua ovaroli, akavaa gauni lake la kijani na hereni, maana hakuna mwanamke anayekwenda kwa mwenzake wa namna ile akiwa na vumbi kwenye nyusi. Alipofika kona ya pili, roho ilimtoka: Makali alikuwa ndani, anacheka, na Kucha ameinama karibu yake ameshika bamba mbele ya jicho lake.

"Hodi hapa!" Rula akasema. "Mimi napita tu. Endeleeni na mambo yenu."

"Rula! Sivyo unavyodhani!"

"Nadhani nini? Sema wewe ninachodhani!"

Kucha akazima mashine, akajishika kiuno. "Shoga, tulia. Mimi nina mume, ananitosha, siku nyingine ananizidi. Huyu wako sina haja naye." Akamgeukia Makali. "Mwambie. Mimi nimechoka kukutunzia siri zako."

Makali akasogea hatua moja. Akatoa kisu mfukoni, akakifungua, akakikunja tena, akamwonyesha Rula kwa juu. "Hiki ni cha mabamba yako. Angalia kisu kinavyolala."

Rula akaangalia. Kilikuwa kimeegemea upande mmoja, kinasugua bamba.

"Matundu yako yamekuwa yakienda upande," Makali akasema kwa sauti ndogo. "Muda sasa. Nilikuwa nayanyoosha kwa tupa nyumbani. Hii oda ya sasa ni kubwa, nikashindwa. Nisingeweza kukwambia. Ungeumia."

Rula alitamani ardhi ipasuke. Akamtazama Kucha, akayatazama mabamba ya Kucha, mazuri, yamenyooka, shetani wa kike yule. Wivu haukuondoka, ulibadilisha kiti tu.

"Na ulikuwa unanisifia," akasema. "Kila nikikuletea, 'Fundi wangu hana mpinzani.'"

"Nilikuwa nakupenda."

"Bora ungekuwa na mwanamke, Makali. Mwanamke ningepambana naye."

Alirudi karakana kwake, akalifungua jiliwa, kile chombo cha kubania chuma, akalilaza chini na kulikagua. Chini ya taya lake palikuwa na kibanzi cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele. Kila bati alilolibana lilikaa upande, na yeye akitoboa anajisifu. Akakitoa kwa koleo. Akakaa sakafuni na gauni lake la kijani akalia, kwa aibu kwanza, kisha kwa hasira.

Simu ikaita. Safari hii akapokea.

"Mpenzi wangu, nisamehe."

"Nikuulize kitu kimoja. Kama unaweza kunificha bamba, kesho utanificha nini?"

"Sitakuficha tena."

"Hayo ni maneno." Akakata.

Siku kadhaa zikapita bila salamu. Kisha asubuhi moja Rula akamtokea Makali mlangoni, ovaroli mwilini, akamwekea mezani jozi ya mabamba mapya.

"Nimeitengeneza mashine. Unganisha, uniambie."

Makali alikonda kidogo siku hizo, shati halikuwa na pasi. Akaingiza pini, akapachika kisu, akakaza. Akakikunja. Akakitazama kwa juu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mtu huyu alitaka kurudiana, kila kitu usoni kwake kilisema hivyo, na neno moja tamu lingemaliza yote.

"Rula..." akasita. "Bado. Kimeegemea kushoto."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Ukitaka kuondoka, ondoka, lakini bado."

Rula akavuta pumzi ndefu, machozi yakamjaa machoni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa jozi ya pili.

"Hayo nimeyaharibu makusudi," akasema. "Mazima ni haya."

Makali akayapokea. Akakaa kwenye kiti, akacheka, akafunika uso kwa mikono miwili, na haikujulikana kama bado anacheka. "Mwanamke wewe utaniua."

"Sikuui. Nakuoa. Jumapili njoo nyumbani na wazee wako, mama ameshachoka kuuliza."

"Kweli, mpenzi?"

"Na ukija, ukiulizwa kama chai ya mama ni tamu, sema ukweli."

Makali akamshika mikono, ile ile yenye vumbi la chuma. "Na Kucha? Tutamwalika harusini?"

Rula akafikiri. "Tutamwalika. Ila asikae karibu na wewe."