Kamba ya Mkanda wa Nne

Mutale alifika kwenye lango la kiwanda saa kumi na moja na nusu jioni, konsoli mkononi. Konsoli ilikuwa sanduku lenye kioo kidogo na vitufe, zito kama cherehani. Kwa konsoli hiyo alisoma amri zilizoandikwa ndani ya automate, kile kisanduku cha kijivu kilichoendesha mikanda yote ya kubebea mawe ya shaba. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Unaunganisha waya, unasoma, unatafuta kosa, unarekebisha, unarudi zako mtaani Ruashi kula ugali wa bukari.

Mlinzi hakuitikia salamu. Wanaume watatu waliokuwa wakinawa bombani walinyamaza alipopita, na mmoja akatema mate karibu kabisa na kiatu chake.

Kando ya lango, juu ya kipande cha mbao, alikaa Léonie, mjane wa Edouard msafisha mikanda, kichwa kimenyolewa. Kwa siku kumi na mbili alikuwa akija hapo jioni, anakaa, na giza likiingia anaondoka. Hakuwahi kumwambia mtu neno. Leo alisema.

"Leo unailetea chakula gani, ile munyama yako ya ndani ya sanduku?"

Mutale hakusimama. Kiwanda kizima kilikuwa kimeshakata shauri kwamba yeye ndiye aliyemuuza Edouard. Yeye peke yake alikuwa na ufunguo wa kabati la automate. Yeye ndiye aliyepelekwa Ulaya miezi sita kujifunza, akarudi na konsoli na koti jipya. Na mwaka ule wa 1986, pale Ruashi, koti jipya lilidaiwa maelezo. Basi wakajipa maelezo wenyewe: mulozi, yaani mchawi. Amefungia pepo ndani ya sanduku, na pepo anataka mtu.

Na kusema kweli, sanduku lenyewe liliwapa maneno. Tangu Edouard afe chini ya mkanda wa nne, kila jioni saa kumi na mbili na dakika kumi mkanda ule ulijiwasha. Hakuna aliyebonyeza kitu. Ulitembea dakika tatu, mtupu, halafu ukasimama. Mutale alishafuta programu yote na kuijaza upya kutoka kwenye kaseti. Mara mbili. Alibadilisha kadi, akabadilisha na betri. Saa kumi na mbili na dakika kumi ikifika... klak.

Chef Adalbert, msimamizi wa zamu, alimsubiri mlangoni mwa jengo la mikanda. Abakosi yake, vazi la wakubwa wa Chama, ilikuwa imepigwa pasi vizuri, beji ya Chama ikimeta kifuani.

"Citoyen Mutale. Mawe imejaa chini ya mukanda wa ine. Muntu ataingia kusafisha sasa, juu kesho asubui kazi inaanza."

"Muntu gani?"

"Jeannot."

Jeannot alikuwa mdogo wake Edouard, tumbo moja. Kampuni ilimpa kazi ya marehemu wiki ileile, pamoja na koleo na buti za marehemu, na wakubwa wakajisifu kwa wema huo.

"Tungojee saa moja, Chef," Mutale alisema kwa sauti ya chini. "Ile saa ipite kwanza."

"Saa moja ni giza. Kule chini hakuna hata taa." Adalbert alimsogelea, akapunguza sauti. "Weye ndiyo fundi. Kata umeme, mukanda utatembea na nini? Lakini ukitembea, bale bandugu yake pale, miye sitabakataza."

Mutale akawatazama hao ndugu. Walikuwa kama kumi, wamejipanga ukutani na makoleo. Zamu yao ilikuwa imekwisha tangu saa kumi. Hawakuwa na kazi yoyote ya koleo.

Akafungua kabati la umeme, akachomoa fyuzi tatu za mota ya mkanda wa nne. Zilikuwa nene kama magunzi ya mahindi. Alimwonyesha Jeannot moja moja, kisha akazitia mfukoni mwa koti. Bila hizo hapakuwa na njia ya umeme kufika kwenye mota. Hakukuwa na ujuzi hapo, ni kama kukata daraja.

Jeannot aliutazama ule mfuko. Alikuwa kijana wa watu, mwembamba, na buti za kaka yake zilimpwaya.

"Yaya Mutale, iko salama?" aliuliza, akimwita kaka.

"Ziko hapa kwangu. Ingia, fanya mbio."

Jeannot akainama, akajipenyeza chini ya mkanda mpaka kwenye shimo la rola ya mwisho. Koleo likaanza kukwaruza. Krr... krr... Mutale akaunganisha konsoli kwenye automate, hatua kumi kutoka pale. Saa yake ilisema kumi na mbili na dakika mbili.

Sasa, kuna jambo walilolijua watu wawili tu kiwandani, naye alikuwa mmoja wao.

Jioni ile aliyokufa Edouard, wageni wa Chama walikuwa wapite barabarani. Wafanyakazi wote walitolewa uwanjani kuimba na kucheza, kama ilivyokuwa desturi. Na siku za kucheza mikanda yote husimama, hilo hata mama wa kuuza karanga langoni alilijua. Edouard, goti likimsumbua, aliikwepa ngoma. Akaona huo ndio wakati wa kusafisha chini ya mkanda wa nne kwa raha zake.

Lakini siku hiyo Adalbert alitaka wageni wauone mkanda wa nne ukitembea. Alimwagiza Mutale auwashe kwa konsoli, kisha waende zao uwanjani. Ubavuni mwa kila mkanda kuna kamba ya hatari. Ukiivuta, mkanda unasimama. Ya mkanda wa nne ilikuwa mbovu, ilisimamisha kazi kila upepo ulipoitikisa, na Adalbert hakutaka aibu mbele ya wageni. Kwa hiyo Mutale akailazimisha: aliiambia automate ihesabu kwamba kamba haijavutwa, hata ikivutwa. Vitufe vinne tu. Akabonyeza, akaenda kucheza.

Huo ndio uchawi wake wote.

Mkanda ukamnasa Edouard kule chini, na dakika tatu baadaye mota ilizidiwa, ikajizima yenyewe. Watu walipokuwa bado wanamtoa Edouard, Mutale alikuwa kabatini anaifuta ile amri. Hakumwambia mtu. Aliogopa gereza, akamwogopa Adalbert, kisha akawaogopa wenye makoleo, na kila siku aliyonyamaza ilizidi kumfunga mdomo. Alijichukia. Lakini kujichukia hakumzuii mtu kula na kulala, na yeye alikula na kulala.

Dakika nane.

Kwenye kioo, mstari wa mkanda wa nne ulikuwa kimya. Kitufe cha kuwasha: hakijabonyezwa. Kamba: haijavutwa. Amri ya kulazimisha: hakuna. Mutale akapumua.

Ndipo akasikia harufu.

Mpira unaoungua. Akaangalia mota. Ilikuwa imelala, na vumbi lake juu. Harufu ikazidi, na nyuma yake, kutoka upande wa uwanjani, zikaja sauti za watu wengi wakiimba kwa kupokezana, na makofi... Mutale akageuka kutazama dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu. Hata mbuzi hakuwepo.

"Jeannot," aliita. "Toka. Acha koleo, toka."

"Nabakiza kidogo, yaya."

Dakika kumi.

Taa nyekundu ikawaka kwenye uso wa automate. Ni taa inayosema kwamba kuna amri ya kulazimisha ndani. Vidole vya Mutale vilikuwa hewani, havijagusa kitufe.

Klak.

Mkanda wa nne ukaanza kutembea.

Alitia mkono mfukoni. Fyuzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zote zilikuwemo, na zilikuwa za moto kama viazi vilivyotoka majivuni.

"Yaya, imenikamata," Jeannot alisema kule chini. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeshangaa. Kisha akapiga yowe.

Buti ya kaka yake ilikuwa imenaswa kati ya mkanda na chuma, na mkanda ulikuwa ukimvuta taratibu kuelekea kwenye rola. Wale kumi wakaja mbio. Wawili walimshika Jeannot mabegani, wengine wakachomeka makoleo kwenye mkanda. Mipini ikavunjika kama mabua. Mmoja aliivuta kamba ya hatari kwa mikono miwili mpaka ikamchuna viganja. Mkanda haukujali.

Mutale akabonyeza kitufe cha kufuta. Taa nyekundu ikazimika, ikawaka tena. Akafuta. Ikawaka. Akafuta...

Na kwenye kioo, ile alama ya kamba ilikuwa inafumba na kufumbua. Imevutwa. Imeachwa. Imevutwa. Imeachwa. Akainua macho. Yule mtu wa viganja alikuwa ameshaiachia kamba, yuko kwa Jeannot na wenzake. Hakuna mkono uliokuwa juu yake. Lakini kamba ilikaza, ikalegea. Ikakaza, ikalegea. Mwendo wa mtu aliyelala chini, anayeunyoosha mkono kwa shida.

Hii haikuwa mara ya kwanza kuiona. Jioni zote kumi na mbili ilikuwa hivihivi, na jioni zote Mutale alisimama hapa peke yake, akaangalia kioo, akahesabu mpaka mwisho, akafunga kabati, akaenda nyumbani. Alijua anachoangalia. Ni dakika tatu za Edouard.

Jeannot alipiga yowe tena. Goti lilikuwa limefika kwenye rola.

Mutale akauacha mlango wa kabati wazi, akaiendea kamba, akaishika. Ilikuwa na nguvu upande wa pili. Mtu alikuwa anavuta.

"Edouard," akasema. "Edouard, ni miye. Niliifunga kamba yako. Chef alinituma, nikabonyeza, nikaenda kucheza. Weye ulikuwa unavuta, na miye nilikuwa naimba."

Kamba ikalegea mikononi mwake.

Mkanda ukasimama.

Walimtoa Jeannot, mguu umechanika kuanzia kifundo mpaka gotini, lakini mguu ulikuwa wake bado. Mutale akawageukia, akangoja kipigo. Hakuna aliyemgusa. Walimtazama tu, na hilo lilimuumiza kuliko koleo.

Léonie alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua ameingia saa ngapi. Akatembea mpaka mbele yake.

"Chef aliniambia alikufa mara moja," alisema polepole. "Alisema hakusikia hata kintu."

Mutale aliitazama kamba.

"Alivuta?"

"Alivuta, mama."

"Mara ngapi?"

Angeweza kusema hajui. Ilikuwa rahisi, na huenda ingekuwa huruma. Lakini alikuwa amechoka na uongo, na jibu likamtoka.

"Makumi ine na moja."

Léonie akafumba macho. Midomo ilimcheza, kama mwanamke anayekariri kitu asije akakisahau. Alipofumbua, alikuwa anamtazama Adalbert, aliyesimama kando ya mkanda na kitambaa puani.

"Na weye, Chef?" alinong'ona. "Yeye amesema. Weye unasema nini?"

"Miye?" Adalbert alinyoosha abakosi yake. Aliwatazama wale wanaume, akaitazama beji yake, akarudi kwa mjane. "Miye sikumutuma. Huyu muntu alifanya mambo yake yeye peke. Nitaandika raporo, na polisi bataku..."

Klak.

Mutale aliushika mfuko wake. Fyuzi zilikuwemo.

Mkanda wa nne ulikuwa unatembea, na ubavuni mwake kamba ikaanza upya. Ikakaza. Ikalegea. Hakuna aliyekimbia. Jeannot, aliyelazwa sakafuni na shati la mtu limefungwa mguuni, aliinua kichwa kutazama.

"Moja," alisema Léonie.

Alihesabu bila haraka, sauti ya mtu anayepima unga. Adalbert alisema kwamba huu ni upuuzi, kwamba Chama hakiamini mambo ya kishenzi, kwamba atawafukuza kazi wote. Kufikia kumi na tano akaacha kusema. Kufikia ishirini jasho lilikuwa limelowesha kola. Alijaribu kupita kushoto, akakuta watu. Kulia, akakuta watu. Hawakumshika, walisimama tu mahali ambapo angepita.

"Chef, sema," Mutale alimsihi. Alimwonea huruma, ndiyo, hata yeye alishangaa. "Neno moja tu. Mukanda utasimama."

Adalbert akatikisa kichwa.

"Makumi ine," alisema Léonie. "Makumi ine na moja."

Wote wakaitazama kamba. Hapo ndipo ilipokoma kila jioni, jioni zote kumi na mbili. Ililegea, ikaning'inia, ikatulia. Adalbert akashusha pumzi.

Kamba ikakaza tena, kwa nguvu ambayo Mutale hakuwahi kuiona.

"Makumi ine na mbili," alisema Léonie, na wanaume wakasogea hatua moja mbele. Nyuma ya Adalbert hapakuwa na nafasi, palikuwa na mkanda tu, bado ukitembea.